Macho ya Askari na Homa ya Bonde la Ufa



Ng'ombe na maziwa ya malisho ya Gishwati huteremka kupitia upande wa Nyundo, kando ya mto Sebeya, kwenda Gisenyi. Askari anayelinda kizuizi katika njia kama hiyo yampasa aijue Homa ya Bonde la Ufa, maradhi yaliyozuka katika mifugo ya Rwanda mwaka 2018, hasa mashariki, na yaliyorudi mwaka 2022 yakawapata na watu.

Kirusi chake kilitambuliwa karibu na ziwa Naivasha, Kenya, na taarifa ikachapishwa mwaka 1931. Binadamu hukipata kwa kugusa damu au mimba iliyoharibika ya mnyama mgonjwa, na pia kwa kuumwa na mbu. Wengi hupata homa ya siku chache, wakapona. Lakini kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, baina ya nusu mtu na watu 2 katika kila wagonjwa 100 hupatwa na madhara ya macho, wiki 1 hadi 3 baada ya dalili za kwanza. Ndipo askari aliyekwisha rejea kazini, akidhani yamekwisha, huanza kuona ukungu.

Kinachodhurika ni retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea nuru. Je, kuona kutarudi? Jambo kubwa ni mahali penye kidonda. Kikiwa pembezoni, mgonjwa aweza kubaki na macho mema. Kikiwa katika makula, kile kitovu kidogo tunachokitumia kusoma hati na kulenga shabaha, Shirika hilo lasema nusu ya wagonjwa hupoteza uwezo wa kuona daima. Kidonda chenyewe huweza kupoa bila dawa katika wiki 10 hadi 12. Ila kupoa si kupona, kwa maana kovu linalobaki halipokei nuru. Tofauti hiyo ndiyo inayowavunja moyo wagonjwa wengi, nao hawastahili kulaumiwa.

Yako na mengine yanayoharibu matumaini: damu kuvuja ndani ya retina, mishipa yake kuvimba na kuziba, na kuvimba kwa mshipa mkuu wa fahamu wa jicho. Haya yalionekana Misri baada ya mlipuko wa 1977, na Saudi Arabia mwaka 2000, ambako waliofika kwa madaktari wa macho wengi wao walibaki na upofu mkubwa. Dawa maalumu ya kukiua kirusi hicho haijathibitishwa. Matone ya kutuliza uvimbe husaidia sehemu ya mbele ya jicho. Hayafufui makula iliyokufa.

Jicho moja likidhurika, la pili hulifichia aibu, na mtu asijue mpaka siku ya shabaha. Kwa hiyo aliyeugua homa baada ya kuchinja au kuzika mzoga na azibe jicho moja, asome maandishi kwa jingine, kisha abadilishe, kila siku kwa wiki tatu. Akiona doa jeusi katikati au mistari iliyopinda, aende kwa daktari siku hiyo hiyo, amweleze tarehe homa ilipoanza na mnyama aliyemgusa.