Posho ya Kiongozi na Fedha ya Umma

Je, wawakilishi wa wananchi wakishindwa kupanga vizuri fedha ya umma, wakatwe mishahara? Makada hawana budi kulichambua swali hili kwa undani, siyo kulijibu kwa jazba.

Marekani walilijibu kwa sheria. Mwaka 2010 wapiga kura wa jimbo la California waliamua kuwa wabunge wao wakichelewesha bajeti wapoteze malipo ya kila siku iliyochelewa, na mwaka 2011 malipo hayo yalizuiwa kweli. Lakini adhabu hiyo ni ya kuchelewa tu. Bajeti mbovu iliyopitishwa mapema haimpunguzii mtu hata senti. Tena mwenye hisa na majumba hatetereki. Anayeumia ni yule anayeishi kwa mshahara. Ni adhabu inayochagua tabaka.

Kwetu, Ibara ya 90 ya Katiba ya 1977 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti ya Serikali. Kisu hicho huharakisha kura ya ndiyo. Hakimfundishi mbunge kuuliza fedha ya barabara imekwenda wapi. Na Ibara ya 73 inasema wabunge watalipwa mshahara na posho kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge lenyewe. Yaani mlaji ndiye mpakuaji.

Sasa twende Mbinga. Mmatengo anayelima ngolo mlimani hulaza majani katika miraba, akayafunika kwa udongo, akaacha shimo katikati la kuzuia maji yasibomoe mteremko. Ni kazi nzito, na hakuna anayemlipa kwa kusimama shambani. Kahawa yake hupimwa kwa kilo na kwa ubora. Mvuvi wa Liuli au Mbamba Bay hulipwa kwa samaki, siyo kwa usiku aliokesha ziwani. Lakini posho ya kikao hulipwa kwa kukaa. Mwishoni mwa 2011 ilielezwa kuwa posho hiyo ya wabunge imepanda kutoka shilingi 70,000 hadi 200,000 kwa siku, kwa sababu ya gharama za maisha Dodoma. Kana kwamba sabuni ilipanda bei Dodoma peke yake!

Kwa madiwani tuna funzo lililo karibu zaidi. Hadi mwaka wa fedha 2020/21 posho zao za mwezi zilitoka katika mapato ya ndani ya halmashauri, na katika wilaya ya kahawa mapato hayo hubebwa na ushuru wa zao. Mtu angedhani fungamano hilo lingemfanya diwani awe mkali juu ya makusanyo. Lakini aliyeshika mfuko ni mkurugenzi, na posho ikicheleweshwa, msimamizi humwendea anayesimamiwa kumwomba. Mwaka 2021 Serikali Kuu ilianza kulipa posho hizo katika halmashauri zilizo nyingi. Sisi tunaona uamuzi ulikuwa sahihi.

Basi suala siyo kukata, bali nani anakata na kwa ajili ya nini. Oktoba 1966, wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na ya wakubwa wengine ikapunguzwa. Februari 1967 Azimio la Arusha likamkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, sharti lililolegezwa Zanzibar mwaka 1991.

Kenya, kwa Katiba yake ya 2010, imeikabidhi tume ya pekee kazi ya kupanga malipo ya viongozi. Tunapendekeza jambo hilo lijadiliwe katika matawi yetu, pamoja na hili: posho ya kikao ilipwe baada ya mwakilishi kurudi Lituhi au Liuli na kusoma mbele ya mkutano wa kijiji kiasi kilichoidhinishwa na kiasi kilichofika.