Mganga na Mganga Mwenzake: Kweli au Uongo?

Bila shaka umeyasikia. Kwamba waganga wawili wakiwa mtaa mmoja ni vita, kwamba dawa ikitajwa jina hupoteza nguvu, kwamba mganga anayekupeleka kwa mwenziwe amekwama. Husemwa kibarazani, husemwa kwenye daladala, na mara nyingine husemwa na waganga wenyewe. Tuyapime.

"Fahali wawili hawakai zizi moja, na waganga vivyo hivyo."

Uongo, ingawa wivu wa kazi upo. Mwanaanthropolojia John Janzen, katika kitabu chake Ngoma cha mwaka 1992, alifuatilia ngoma za uganga Kinshasa, Dar es Salaam, Mbabane na Cape Town. Alikuta mgonjwa akiingizwa hatua kwa hatua katika kundi la watu waliowahi kuugua kama yeye, na baadhi yao mwishowe hupewa mkoba. Uganga wa namna hiyo haufanyiki bila wenzako: mmoja akianzisha wimbo, lazima wawepo wa kuitikia.

"Mganga hajigangi."

Kweli tupu, na wahenga wapewe haki yao. Maadili ya madaktari wa leo yanasema hilohilo: daktari asijitibu, wala asitibu jamaa zake wa karibu isipokuwa dharura, kwa sababu hofu na mapenzi hupofusha macho. Chama cha Madaktari cha Marekani kilipoandika maadili yake ya kwanza mwaka 1847, kiliwataka madaktari watibiane bure, wao na wake zao na watoto wao. Kumbe kilinge na kliniki ni jamaa.

"Hospitalini wana ustaarabu, wanaogombana ni waganga wa mitishamba."

Uongo, tena wa kuchekesha. Kanuni za heshima kati ya madaktari wa Kiingereza zilizaliwa katika ugomvi. Mwaka 1792 madaktari na wapasuaji wa hospitali ya Manchester walikuwa wameshikana mashati, kwa lugha ya mtaani, hata ikabidi daktari Thomas Percival aombwe aandike taratibu za kuwapatanisha. Kazi hiyo ikakua ikawa kitabu chake cha maadili ya udaktari cha mwaka 1803, na Wamarekani wa 1847 walichota mengi humo. Lakini kanuni hizo za Marekani ziligeuka uzio pia. Ziliwazuia madaktari kushauriana na matabibu wa homeopathia, hata mgonjwa akitaka. Chama cha jimbo la New York kilipolegeza kamba mwaka 1882, wajumbe wake walikataliwa katika mkutano wa kitaifa. Ikaitwa adabu!

"Dawa akiijua mganga mwingine, inakufa nguvu."

Uongo. Mzizi hausikii nani ametajiwa jina lake. Mfano mkubwa unatoka China. Katika karne ya 4 tabibu Ge Hong aliandika dawa ya homa: loweka majani ya qinghao katika maji, kamua, unywe. Hakusema uyachemshe. Miaka 1,600 na ushei baadaye mtafiti Tu Youyou, akihangaika kutafuta dawa ya malaria, alisoma maneno hayo na kushtuka: huenda moto ndio unaoharibu dawa! Akabadilisha njia ya kuikamua, akatumia joto dogo, na hapo ikapatikana artemisinini, msingi wa dawa mseto za malaria tunazomeza leo. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Fikiria kama Ge Hong angekufa na siri yake.

Hata hivyo, mganga anayeficha simcheki. Siri ni shamba lake, na wezi wapo. Mwaka 1995 watafiti wawili walipewa hataza Marekani ya kutumia manjano kuponya vidonda, jambo ambalo bibi yeyote wa India angewafundisha bure. Hataza hiyo ilifutwa mwaka 1997 baada ya Wahindi kupeleka maandiko yao, yakiwemo ya kale ya Kisanskriti, kuonyesha kwamba hapakuwa na jipya. Kilichowaokoa ni kuwa na maandishi. Kama wangekuwa na siri tu, wangeonyesha nini?

"Akikupeleka kwa mwingine, ameshindwa kazi."

Uongo. Maandiko yanayohusishwa na Hippocrates tayari yalisema si aibu kwa tabibu aliyekwama kuita wenzake. Karibu na kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 1990 waganga wa Tanga na wahudumu wa hospitali walianza kushirikiana kuhusu UKIMWI, ndipo ikazaliwa Tanga AIDS Working Group. Kampala nako shirika la THETA lilianza kazi ya namna hiyo mwaka 1992. Wa kumwogopa ni yule asiyewahi kumpeleka mtu popote.

"Mganga hamsemi mganga mwenzake."

Nusu kweli. Kumponda mwenzio mbele ya mgonjwa ni utovu wa adabu, na mara nyingi ni biashara tu. Kumfichia anayedhuru watu ni jambo jingine kabisa. Januari 2015 Serikali ya Tanzania ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino, na lawama zikawaangukia hata wasiohusika, wachimba mizizi wa watu. Njia ya kusema ipo: Sheria Namba 23 ya mwaka 2002 iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, linalosajili waganga na kusimamia mwenendo wao.

"Ukihama mganga, usimtajie ulikotoka, atanuna."

Uongo, na huu ndio wa hatari kuliko yote. Mgonjwa anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda, kisha akapewa vitunguu saumu kwa wingi, anaweza kuvuja damu zaidi, na mganga hawezi kukisia kilichomo katika mfuko wa dawa asiouona. Anune akitaka. Mtajie mganga wa kwanza, daktari, na muuza dawa wa sokoni, kisha weka kila kikopo na kila kidonge mezani kabla hajachota chochote.