Je, Wajua? Magwanda ya Kijerumani yaliyoingia Kigali

Je, wajua kwamba wapiganaji wengi wa RPA, jeshi la waasi wa Rwanda, walioiteka Kigali tarehe 4 Julai 1994 walivaa sare zilizobuniwa kwa ajili ya misitu ya Ujerumani Mashariki? Tazama picha za vita vile. Utaona kitambaa cha kijivu kinachoelekea ukijani, kimejaa vistari vifupi vya kahawia vilivyosimama wima, mithili ya mvua inayonyesha. Wajerumani wale walianza kuvaa nakshi hiyo mwaka 1965. Miguuni, wapiganaji wengi walivaa gambuti za mpira.

Tarehe zenyewe zinashangaza. RPA ilivuka mpaka pale Kagitumba tarehe 1 Oktoba 1990, askari wake wakiwa bado na sare za jeshi la Uganda walilolitoroka. Kesho yake kamanda wao, Fred Rwigema, akauawa. Siku hiyohiyo ya Oktoba 2, huko Ulaya, jeshi la Ujerumani Mashariki lilihitimisha uhai wake, maana Oktoba 3 Ujerumani mbili ziliungana. Maghala yakabaki yamefurika nguo zisizo na mwenyewe, zikauzwa kwa bei chee huku na huko duniani. Mtumba wa kijeshi, kwa kifupi! Jeshi la msituni huvaa kinachopatikana. Kama kinafanana na majani ya hapo, hiyo ni bahati.

Anayetaka kukifahamu kipindi hicho aende Kimihurura mjini Kigali, kwenye jengo la Bunge. Humo mna makumbusho ya kampeni ya kupambana na mauaji ya kimbari ya 1994 dhidi ya Watutsi, yaliyofunguliwa mwaka 2017. Ndipo askari 600 wa RPA walipopiga kambi tangu Desemba 1993, kufuatia Mkataba wa Arusha wa amani kati yao na serikali, na kuta za jengo bado zina makovu ya risasi.

Tukirudi kwenye sare zenyewe, kazi ya mabaka ni kulivunja umbo la mtu. Jicho la adui hutafuta kichwa, mabega na mikono, na mistari iliyopishana humnyima picha hiyo. Ufaransa, ambayo askari wake waliingia vitani mwaka 1914 na suruali nyekundu, iliunda kikosi cha wachoraji mwaka 1915 chini ya msanii Lucien-Victor Guirand de Scévola. Nembo yao? Kinyonga. Waitalia walichapa mabaka yao kiwandani mwaka 1929, ila kwanza yalikuwa ya mahema.

Fedha nyingi nazo si dawa. Mwaka 2004 jeshi la nchi kavu la Marekani lilichagua nakshi moja ya kijivu, yenye vijiraba kama vya kompyuta, ikitarajiwa kufaa jangwani, msituni na mjini. Afghanistan iliiumbua, na kuanzia 2015 ikawa inabadilishwa.

Kwetu Afrika Mashariki, mabakabaka yana uzito mwingine: humtambulisha mwenye bunduki ya serikali. Ndiyo maana raia wa Kenya au Uganda akionekana nayo barabarani, sheria inamhusu. Mwaka 2019 Uganda iliziingiza hata kofia nyekundu za bereti, vazi la wafuasi wa mwanamuziki na mwanasiasa wa upinzani Bobi Wine, katika orodha ya mavazi ya jeshi. Watalii wanaokwenda kuwaona sokwe wa Virunga huonywa mapema: suruali ya mabaka iache nyumbani.

Kituko zaidi ni kofia ya Umoja wa Mataifa. Ilipakwa buluu mwaka 1956, wakati wa mgogoro wa Suez, makusudi ionekane kwa mbali. Basi mlinda amani huvaa mwili wa kujificha na kichwa cha kujitangaza. Na huko Jamhuri ya Afrika ya Kati, ambako tangu Desemba 2020 Rwanda ina vikosi vya aina mbili, vya Umoja wa Mataifa na vilivyotumwa kwa makubaliano ya nchi hizo mbili, ukitaka kujua Mnyarwanda aliye mbele yako anapokea amri kutoka wapi, mtazame kichwani.