Kabla ya kununua kifurushi kikubwa, tafuta mtandao unakwamia wapi

Kifurushi cha megabiti 10 kwa sekunde hakishushi megabaiti 10 kwa sekunde. Baiti moja ni biti nane. Kampuni za intaneti huuza kwa biti, ilhali tarakilishi huonyesha ukubwa wa faili kwa baiti. Gawanya kwa nane, unabaki na megabaiti 1.25, na filamu ya gigabaiti moja itakula dakika 13 na ushee hata mambo yote yakienda shwari. Malalamiko mengi kuhusu kasi ya mtandao hapa Garsen, Tana River, na kwingineko yangeishia kwenye hesabu hiyo. Wauzaji hawana haraka ya kuieleza, maana namba kubwa hupendeza kwenye bango.

Yasiyoishia hapo ndiyo yenye kazi. Data ikitoka ng'ambo hadi nyumbani Garsen hupita baharini, nchi kavu, kwenye mnara, kisha ndani ya nyumba yenyewe, na kasi ya safari nzima hufuata sehemu iliyo dhaifu kuliko zote. Tatizo likiwa kwenye paa, kifurushi cha bei ya juu ni pesa zilizotupwa mtoni.

Anza na nyumba, kwa sababu hapo hupimi kwa ruhusa ya mtu. Mawimbi ya redio hayapenyi bati, hugonga na kurudi. Makuti huyaacha yapite, ndiyo maana nyumba ya makuti inaweza kupata mtandao mzuri kuliko jirani aliyeezeka na kuzungushia mabati. Ruta inayotumia laini ya simu isifichwe kabatini nyuma ya televisheni. Isogeze dirishani upande wa mnara, au funga antena ya nje kwenye mlingoti unaopita vichaka vya mathenge, kwani majani mabichi yamejaa maji na maji hunyonya mawimbi. Usiamini sana vile vijistari vya kwenye skrini. Ukurasa wa mipangilio wa ruta huwa na kipimo cha nguvu ya mawimbi kinachoandikwa kwa namba hasi: -85 ni nzuri, -110 ni ya kubahatisha.

Sasa zima simu zote nyumbani, unganisha tarakilishi moja kwenye ruta kwa waya, upime kasi. Kisha pima kwa waifai ukiwa chumba cha mwisho. Waya ukiwa na kasi na waifai ikiwa goigoi, mchawi yumo ndani. Waifai ya gigahatsi 5 ina kasi kuliko ya 2.4 lakini huchoka mapema ukutani. Chumba cha mbali huenda kikafaidika na ile ya 2.4.

Kuna jambo ambalo watu hulisahau. Kila shehena ya data inayofika, kifaa chako hurudisha ujumbe wa kukiri kuipokea. Simu moja sebuleni ikianza kupakia picha na video za harusi kwenye hifadhi ya mtandaoni, ujumbe huo hukwama foleni, na upakuaji wa nyumba nzima hulegea. Njia ya kupakia ndiyo hufa kwanza kwa walio mbali na mnara, kwa kuwa simu hutuma kwa nguvu ya takriban wati 0.2 tu. Vituo vya afya vinaumia zaidi hapa. Kenya ilihamishia ripoti za afya kwenye mfumo wa DHIS2 mwaka 2011, na ripoti hizo hupakiwa, hazipakuliwi.

Waya nao ukiwa na kasi duni, pima saa kumi na moja alfajiri, halafu upime tena saa mbili usiku. Tofauti ikiwa kubwa, mnara umezidiwa. Uwezo wa mnara ni mmoja na hugawanywa kwa wote walio hewani, mfano wa malka, njia ya mifugo kwenda kunywa maji mtoni, wakati wa kiangazi mifugo yote inaposhuka Tana kwa wakati mmoja. Lakini kasi ikiganda kwenye namba ileile mchana na usiku, shuku kifurushi chenyewe: vingi vinavyoitwa visivyo na kikomo hupunguzwa kasi ukishavuka kiwango kilichoandikwa kwa herufi ndogo.

Mvua je? Mawimbi ya simu yako hayaijali sana. Inayoathirika ni mitambo ya masafa ya juu inayounganisha mnara kwa mnara, pamoja na madishi ya setilaiti. Barabara nayo ina sehemu yake. Maji yakiikata njia ya Lamu pale Gamba, kama ilivyokuwa mwishoni mwa 2023, mnara ukiharibika fundi atasubiri maji yapungue.

Bahari hulaumiwa mno kuliko inavyostahili, ingawa ina siku zake. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini na Afrika Mashariki yote ikahisi. Dalili ya waya wa baharini kukatika ni hii: YouTube, ambayo video zake maarufu huhifadhiwa karibu na watazamaji, hucheza bila shida, huku tovuti ndogo ya ng'ambo ikigoma. Katika programu ya kupima kasi, chagua seva ya Nairobi au Mombasa kwanza, kisha ya Ulaya, ulinganishe.

Starlink, iliyoingia Kenya Julai 2023, huruka mnara kwa setilaiti zilizo kilomita kama 550 juu, si 35,786 kama zile za zamani ambazo kila jibu lilichelewa karibu nusu sekunde. Hata hivyo dishi linataka anga wazi, na mwembe uliotanda uani utalikera. Nayo hujaa: Novemba 2024 usajili mpya ulisitishwa Nairobi. Na ikishafika ndani, waifai yake hugonga bati lilelile.

Ukishajua pa kulaumu, andika tarehe, saa, kasi uliyopata kwa waya na kasi uliyouziwa. Peleka kwa kampuni kwanza. Wasipojibu, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hupokea malalamiko, na karatasi yenye vipimo vya alfajiri na usiku ni vigumu kuijibu kwa kukwambia uzime ruta na kuiwasha tena.