Kwa nini vyombo vya udongo vya Italia havina jina la mfinyanzi

MNUNUZI wa chombo cha udongo cha buluu kilichotengenezwa Italia katika miaka ya 1950 au 1960 hukipindua kwanza atazame chini. Mara nyingi hukuta neno 'Italy' na nambari tu. Jina la mfinyanzi halipo.

Vingi vya vyombo hivyo vilitoka Montelupo Fiorentino, mji mdogo karibu na Florence ambao wakazi wake wamekuwa wafinyanzi kwa karne nyingi. Guido Bitossi alianzisha kiwanda huko mwaka wa 1921. Mwaka wa 1946 kiwanda hicho kilimwajiri Aldo Londi, mzaliwa wa mji huo, aongoze kazi ya usanii. Londi alianza ufinyanzi akiwa mtoto wa miaka 11, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alizuiliwa Afrika Kusini akiwa mateka.

Kazi iliyompa sifa zaidi ni ile iitwayo Rimini Blu. Udongo ukiwa bado mbichi, wafanyakazi waliugandamiza kwa mihuri midogo, mmoja baada ya mwingine, hadi safu za nakshi zikakizunguka chombo, kiwe jagi, bakuli au sanamu ya farasi. Kisha kilipakwa rangi ya buluu na kijani. Ndani ya tanuri rangi hiyo huyeyuka ikawa kama kioo, ikatuama mashimoni na kubaki nyembamba kingoni. Kwa hivyo vyombo viwili vya nambari moja havifanani kabisa.

Kukosekana kwa jina kulitokana na biashara. Italia ilitoka vitani ikiwa maskini, na wenye fedha walikuwa Wamarekani. Wafanyabiashara kama Irving Richards wa kampuni ya Raymor, New York, waliagiza bidhaa hizo na kuzibandika karatasi za kampuni yao. Karatasi ikibanduka, hubaki nchi na nambari.

Siku hizi baadhi ya wauzaji hutaja jina la Londi kwa kila chombo cha buluu ili kupandisha bei. Ilhali viwanda vingine vya mji huo, kikiwemo Fratelli Fanciullacci ambako Londi mwenyewe alijifunza kazi, navyo viliuza vyombo vya mapambo ng'ambo. Rangi pekee si ushahidi. Afadhali mnunuzi alinganishe umbo, nakshi na nambari na vielelezo vilivyohifadhiwa katika makavazi ya Bitossi mjini Montelupo, kabla hajatoa pesa.