Utaifa wa Wachina na Kilio cha Haki za Binadamu



Ndugu wanafunzi na wazee wetu wapenzi, katika kurasa hizi tunakusudia kueleza jambo tunalolisikia mara kwa mara kwenye taarifa za habari bila ya kulifahamu vizuri. Kila dunia inapozungumzia haki za binadamu nchini China, wanaokasirika si viongozi wa serikali peke yao. Hukasirika pia wananchi wengi wa kawaida. Kwa nini? Swali hili linatugusa kwa sababu mbili. China ni rafiki wa nchi zetu wa miaka mingi, na miongoni mwa wanaoelezwa kuwa wamedhulumiwa huko wamo Waislamu wenzetu.

Mwenge uliopita Dar es Salaam

Tuanze na tukio lililofika hapa kwetu. Mwaka 2008 mji wa Beijing uliandaa Michezo ya Olimpiki, na kabla ya michezo hiyo mwenge ukazungushwa duniani. Katika Afrika nzima ulipita mji mmoja tu, nao ni Dar es Salaam, tarehe 13 Aprili. Ulianzia stesheni ya TAZARA na kuishia Uwanja wa Taifa, ambao leo unaitwa Uwanja wa Benjamin Mkapa. Reli hiyo na uwanja huo vyote vilijengwa kwa msaada wa China, na watu waliupokea mwenge kwa furaha. Hata hivyo, mmoja wa waliopangwa kuukimbiza alijitoa. Huyo alikuwa Profesa Wangari Maathai wa Kenya, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004. Alijitoa kwa ajili ya suala la haki za binadamu, kwani mwezi mmoja nyuma kulitokea ghasia na umwagaji damu huko Tibet.

Siku chache kabla ya hapo, mwenge ulipita London na Paris katikati ya maandamano makubwa. Mjini Paris, waandamanaji walijaribu kumpokonya mwenge Jin Jing, mwanamichezo wa kike wa China aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu. Aliukumbatia na hakuuachia. Picha zake zilipoonekana China, alikuwa shujaa wa taifa, na watu wakakusanyika nje ya maduka ya Kifaransa ya Carrefour wakitaka yasusiwe.

Waandamanaji wa Paris walisema wanawatetea Watibeti. Wachina wengi waliona kwamba nchi yao inatukanwa. Tukitaka kufahamu sababu, hatuna budi kurudi nyuma kidogo katika historia.

Jeraha la zamani

Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kiingereza waliingiza kasumba China kwa wingi, nayo ikaharibu watu. Wakuu wa China walipoikamata na kuiteketeza, Uingereza iliingia vitani. Vita vya Kasumba vilianza mwaka 1839 na kumalizika 1842 kwa Mkataba wa Nanjing, ambao uliilazimisha China kuitoa Hong Kong. Mwaka 1860 majeshi ya Uingereza na Ufaransa yaliichoma moto kasri ya mfalme karibu na Beijing. Mwaka 1895 Japani iliichukua Taiwan. Mwaka 1919, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mataifa makubwa yaliipa Japani haki zilizokuwa za Wajerumani katika jimbo la Shandong, ingawa China ilikuwa upande wa washindi. Tarehe 4 Mei mwaka huo wanafunzi wa Beijing waliingia barabarani kulalamika. Kisha mwaka 1937 jeshi la Japani liliuteka mji wa Nanjing na kufanya mauaji ya kutisha.

Wachina wanakiita kipindi hiki karne ya fedheha. Sisi ambao babu zetu walitawaliwa na Wajerumani na Waingereza hatuwezi kusema kuwa hatuelewi uchungu huo.

Uzalendo unapogeuzwa kuwa ngao

Usiku wa kuamkia tarehe 4 Juni 1989, jeshi la China liliwapiga risasi raia mjini Beijing ili kuyamaliza maandamano ya wanafunzi yaliyokuwa katika uwanja wa Tiananmen. Hesabu kamili ya waliokufa haijawahi kutolewa na serikali. Katika miaka ya 1990 Chama cha Kikomunisti kilitilia mkazo elimu ya uzalendo mashuleni na kwenye makumbusho. Mtoto wa Kichina akafundishwa sana ya mwaka 1842, lakini ya mwaka 1989 hayakusomeshwa wala hayakuruhusiwa kujadiliwa hadharani.

Ni vyema tukatofautisha mambo mawili. Kuipenda nchi yako ni jambo jema. Lakini kuamini kuwa nchi na serikali ni kitu kimoja, na kwamba anayeikosoa serikali ameitukana nchi, hilo ni jambo jingine. Hapo uzalendo huwa ngao ya wenye madaraka.

Serikali ya China ina majibu yake. Mwaka 1991 ilitoa waraka wake wa kwanza kuhusu haki za binadamu, ikisema kuwa haki iliyo mbele ya zote ni haki ya kuishi na kupata riziki, na kwamba wageni wasiingilie mambo ya ndani. Hoja hii haikosi ukweli. Mamia ya mamilioni ya Wachina wametolewa katika umasikini. Husema pia kwamba Marekani, iliyoivamia Iraq mwaka 2003 na kufunga watu Guantanamo bila ya kesi, haina uso wa kuwafundisha wengine. Na hilo ni kweli. Lakini mwizi akipiga kelele kuwa nyumba inaungua, nyumba bado inaungua. Kosa la anayesema halimsafishi anayesemwa.

Tena haki za binadamu si jambo la wageni kwa Wachina. Tamko la Umoja wa Mataifa la mwaka 1948 liliandikwa kwa mchango mkubwa wa Mchina, P. C. Chang. Na Liu Xiaobo, aliyehukumiwa kifungo cha miaka 11 mwaka 2009 kwa maandishi yake ya kudai mageuzi, alikuwa Mchina. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2010 akiwa gerezani, na akafa mwaka 2017 akiwa bado chini ya ulinzi.

Ndugu zetu wa Xinjiang

Uislamu una zaidi ya miaka elfu moja nchini China. Zheng He, nahodha ambaye merikebu zake zilifika pwani yetu katika karne ya 15, alizaliwa katika familia ya Kiislamu. Huko Xinjiang, magharibi ya China, wanaishi Wauyghur, ambao wengi wao ni Waislamu na lugha yao huandikwa kwa herufi za Kiarabu.

Mwaka 2009 yalitokea machafuko mjini Urumqi na watu karibu 200 waliuawa, wengi wao wa kabila la Han. Baadaye kulikuwa na mashambulizi dhidi ya raia, na hayo nayo ni dhulma. Lakini kuanzia mwaka 2017 serikali iliwafungia watu wengi mno katika kambi bila ya kuwafikisha mahakamani. Kwanza ilikana, kisha mwaka 2018 ikasema ni vituo vya mafunzo ya kazi. Tarehe 31 Agosti 2022 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti ikisema kuwa yaliyotendeka huenda yakawa ni jinai dhidi ya ubinadamu.

Mwezi Oktoba mwaka huo ilipigwa kura mjini Geneva kuamua kama ripoti hiyo ijadiliwe. Nchi 17 zilikubali, 19 zilikataa na 11 hazikuelemea upande wowote. Miongoni mwa zilizokataa zilikuwamo Pakistan, Indonesia, Qatar na Senegal. Katika nchi za Kiafrika, iliyokubali ni Somalia peke yake. Basi tusidhani kuwa ni Wachina tu wanaotanguliza maslahi ya taifa mbele ya haki.

Tujifunze nini?

Kwanza, tusimchukie Mchina tunayekutana naye dukani au barabarani. Yeye si serikali yake. Pili, tushukuru kwa reli na viwanja, lakini shukrani isitufunge mdomo. Rafiki wa kweli humwambia mwenzake ukweli. Tatu, tujitazame wenyewe. Nasi tunaipenda nchi yetu, nasi hukasirika mgeni akitukosoa. Siku hiyo, kabla ya kuuliza ni nani anayesema, tuulize kama analolisema ni kweli. Aliyedhulumiwa jana anaweza akadhulumu leo, na machozi ya babu yake si ruhusa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaondolee dhiki wote wanaodhulumiwa, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, na atujaalie kuwa waadilifu kwa tunaowapenda na tusiowapenda. Amin.

Wabillahi tawfiq.