Sifuri na Nafasi Tupu: Utangulizi wa Kumbukumbu za Wanyama Wasioonekana

Fani unayoingia inashughulika na swali linaloonekana dogo: mtafiti akienda porini kumtafuta mnyama, akarudi bila kumwona, aandike nini? Majibu yake huhifadhiwa katika hifadhidata, yaani ghala la kumbukumbu lililopangwa ndani ya kompyuta, na humo ndimo yanamoweza kuharibika bila mtu kutambua. Huhitaji kuwa mwanahisabati ili kufuatilia. Ukishika msingi mmoja tu, mengine yote yatakufungukia.

Msingi wenyewe ni huu. Kila mstari katika jedwali la utafiti unaunganisha mahali, muda na spishi, yaani aina moja ya kiumbe, kama vile kakakuona. Hapo pana hali tatu. Ya kwanza ni uwepo: mnyama ameonekana, amesikika au ameacha dalili isiyo na shaka. Ya pili ni kutoonekana: watu walimtafuta kwa juhudi inayojulikana wakamkosa. Ya tatu ni kutojulikana: hakuna aliyetafuta. Hali ya pili huandikwa sifuri. Ya tatu huachwa tupu. Fikiria daftari la mahudhurio shuleni. Alama ya utoro mbele ya jina la Juma ina uzito kwa sababu mwalimu aliita majina siku hiyo. Siku ambayo majina hayakuitwa, nafasi tupu haimfanyi Juma kuwa mtoro.

Pengine unajiuliza: Kenya ina spishi zaidi ya 1,100 za ndege, je, mtazamaji huandika sifuri mia kadhaa kila asubuhi? La. Tazama mradi wa Kenya Bird Map, ulioanza mwaka 2013 kwa kufuata mfano wa mradi wa Afrika Kusini. Nchi imegawanywa katika miraba yenye upande wa takriban kilomita 9. Anayejaza kadi kamili hutazama ndege ndani ya mraba mmoja kwa muda usiopungua saa 2, na huandika kila spishi aliyoitambua. Kwa kuwa orodha ni kamili, spishi isiyomo huhesabiwa kuwa ilitafutwa ikakosekana, na programu huweza kujaza sifuri hizo yenyewe. Kadi 20 za mraba mmoja zikiwa na tumbusi katika 5, kiwango cha kuripotiwa kwake ni asilimia 25. Lakini mtu akituma ndege mmoja tu aliyemfurahisha njiani, orodha yake haituambii lolote kuhusu waliobaki. Sifuri halali, basi, hutokana na kazi iliyofanyika, na kazi hiyo lazima iandikwe pamoja nayo.

Sasa tuingie kwenye hitilafu, yaani kasoro za programu au za namna inavyotumiwa. Ya kawaida kuliko zote ni nafasi tupu kugeuzwa sifuri. Mradi wa Snapshot Serengeti ulitandaza kamera 225 zinazopiga picha zenyewe mnyama anapopita. Katika kazi ya aina hiyo, betri ikiisha au tembo akiiangusha kamera, siku zinazofuata hazina taarifa yoyote. Programu iliyoagizwa kujaza sifuri popote pasipo na picha itatangaza kwamba wanyama wote wamekimbia.

Hitilafu ya pili huenda kinyume. Katika eBird, hifadhidata ya ndege iliyoanzishwa Marekani mwaka 2002, mtazamaji aliyemwona ndege bila kuhesabu idadi huruhusiwa kuandika herufi X. Mchambuzi akiiamuru programu isome safu ya idadi kama namba, X haisomeki na hubaki tupu. Akijaza nafasi tupu kwa sifuri, ndege aliyeonekana anafutwa kabisa.

Ya tatu hutokea wakati wa kuunganisha majedwali kwa kutumia majina. Nafasi moja ya ziada baada ya neno Gyps africanus, jina la kisayansi la tumbusi mgongo-mweupe, yatosha kwa programu kuliona kama jina jingine. Majina hayakutani, na pasipokutana hujazwa sifuri. Mabadiliko ya uainishaji yana hatari hiyohiyo. Mwaka 2021 shirika la uhifadhi la IUCN lilianza kuwatathmini tembo wa savana na tembo wa msituni kama spishi mbili. Ukiongeza safu mpya ya tembo wa msituni kisha ukaijaza sifuri kwa miaka ya nyuma, utakuwa umewafuta kwenye misitu ya Kongo katika miaka ambayo fomu haikuuliza habari zao.

Ya nne hugeuza sifuri kuwa uwepo. Katika GBIF, ghala la kimataifa la rekodi za viumbe, kuna uga, yaani sehemu maalumu ya kujaza, unaosema kama spishi ilikuwepo au haikuonekana. Mtu akipakua data akautupa uga huo, kila rekodi huchorwa kwenye ramani kama nukta, zikiwemo zile zinazosema mnyama alitafutwa akakosekana.

Tukishazilinda sifuri, swali gumu zaidi linabaki: je, asiyeonekana hayupo kweli? Mwaka 2002, mtafiti MacKenzie na wenzake walichapisha njia ya kulikabili kwa kurudia ziara mahali palepale. Chukua mnyama aliyepo, mwenye uwezekano wa asilimia 30 wa kugunduliwa katika kila ziara. Uwezekano wa kumkosa mara moja ni 0.7, wa kumkosa mara tano mfululizo ni 0.7 ikizidishwa yenyewe mara tano, takriban asilimia 17. Kwa hiyo sifuri tano zina nguvu kuliko moja, ingawa hazimalizi shaka. Hapo ndipo utaona ubaya wa sifuri bandia: kila moja ni ziara ya uongo inayoingizwa kwenye hesabu, na uamuzi wa mahali pa kupitisha barabara au kuongeza doria unaweza kuegemea juu yake.

Usiogope wingi wa hatua hizi. Anza na jedwali lolote ulilonalo, chagua sifuri moja, uulize: nani alikwenda, lini, kwa muda gani, akitumia orodha ipi? Ukipata majibu, iache ilivyo. Ukiyakosa, ifute na uache nafasi tupu, kisha nenda kwenye sifuri inayofuata. Ukifanya hivyo, tayari unaifanya kazi ya fani hii.